Hesabu za Shaba Yetu Husomwa Toronto

Mwezi wa Desemba 2018, tume inayosimamia masoko ya hisa katika jimbo la Ontario, nchini Kanada, ilifunga shauri lake dhidi ya kampuni ya Katanga Mining. Hisa za kampuni hiyo ziliuzwa Toronto, lakini mali yake yote ya maana ilikuwa Kolwezi, mwendo wa saa chache kwa barabara kutoka hapa Likasi. Kampuni ilikiri kwamba ilitangaza takwimu za shaba zisizo za kweli, kwamba udhibiti wake wa ndani wa hesabu ulikuwa mbovu, na kwamba haikuwaeleza wanahisa hatari iliyotokana na kumtegemea mfanyabiashara Dan Gertler na watu wake. Ikakubali kulipa dola za Kanada milioni 30, na ukijumlisha yaliyotozwa maofisa wake hesabu ilipita milioni 36. Fedha hizo zilibaki Ontario, na katika hilo sioni dhuluma. Tume ile imeundwa kuwalinda wenye akiba waliotia fedha zao katika soko la Toronto, ikafanya kazi yake. Lakini katika mgodi uleule, ule wa Kamoto Copper Company, mwenye robo nzima alikuwa Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, yaani taifa la Kongo. Takwimu zilizomdanganya mwanahisa wa Toronto zilihusu shaba iliyokuwa yetu pia kwa robo. Mwanahisa wa Toronto alikuwa na tume ya kumsemea. Sisi hatukuwa nayo.

Mfano wa New York ni mchungu zaidi. Mwezi wa Septemba 2016, mfuko wa uwekezaji wa Och-Ziff, ambao hisa zake zenyewe ziliuzwa katika soko la New York, ulikubali kulipa takriban dola milioni 413 kwa ajili ya hongo zilizotolewa katika nchi kadhaa za Afrika, Kongo ikiwa mbele. Miongoni mwa mambo yaliyofichuliwa ulikuwepo mgodi wa Kalukundi, katika ukanda wa Kolwezi, ambao kampuni ya Africo Resources ya Kanada ilipoteza udhibiti wake katika mazingira ya rushwa. Jaji wa Brooklyn akaamua kwamba waliokuwa wanahisa wa Africo ni waathirika kwa maana ya sheria, na mwaka 2020 wakapangiwa fidia ya dola milioni 135. Mgodi ni wa Kongo, waliohongwa ni viongozi wa Kongo, na walioathirika, mbele ya mahakama ile, ni wenye hisa wa ng'ambo. Wapo wanaoona hapo dharau ya kale ya mzungu kwa Mwafrika. Mimi naona orodha. Mwanahisa wa Africo alikuwa na jina lililoandikwa, idadi ya hisa zake, na bei ya soko iliyoonyesha alichonyang'anywa. Mkaaji wa Kalukundi hakuwa na karatasi hata moja ya namna hiyo, na mahakama haiwezi kumlipa mtu hasara ambayo hakuna mahali ilipoandikwa. Wazee walisema mali bila daftari huisha bila habari, na hawakuwa wakizungumzia duka peke yake.

Haki isemwe: mwezi wa Desemba 2022 Glencore, kampuni mama ya Katanga Mining, ilikubali kuilipa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo dola milioni 180 kwa ajili ya mambo ya rushwa ya kati ya mwaka 2007 na 2018. Si fedha ndogo. Lakini tuangalie mfuatano wa mambo. Mwezi wa Mei mwaka huohuo Glencore ilikuwa imekwisha kukiri makosa huko Marekani na Uingereza, na hesabu ya adhabu ikapita dola bilioni 1. Kongo ililipwa baada ya wengine kuchunguza, wengine kushtaki na wengine kushinda. Tulikula kilichobaki katika sahani ya uchunguzi wa watu wengine, kisha tukapiga makofi.

Hoja yangu yatoka hapo. Kwa miaka mingi wazo la kufungua soko la hisa Kinshasa limekuwa likirudi katika hotuba, kila mara likiwa na ahadi ya jengo, skrini na kengele ya kufungulia biashara. Sitaki kulipinga milele, ila nasema linaanza mwisho. Kitu cha kwanza ambacho sheria ya masoko ya mitaji hulipatia taifa ni habari. Kampuni hulazimishwa kusema inamiliki nini, inadaiwa nini, inategemea nani na imezalisha kiasi gani, kwa tarehe maalumu na kwa maandishi ambayo mkurugenzi atashtakiwa kwayo akidanganya. Soko ni mahali ambapo habari hiyo hugeuka kuwa bei. Nchi inayojenga mahali kabla ya kulazimisha habari itakuwa imejenga ukumbi wa uvumi.

Tazama jinsi habari za chini ya ardhi yetu zinavyosafiri leo. Mwezi wa Mei 2025, mitetemo ya ardhi iliposimamisha kazi chini ya mgodi wa Kakula, karibu na Kolwezi, kampuni ya Ivanhoe ilitoa taarifa kwa wanahisa wake wa Toronto, mshirika wake Zijin ikatoa yake kwa wanahisa wa Hong Kong, na muda si mrefu Ivanhoe ikafuta makadirio yake ya uzalishaji wa mwaka ule. Hawakufanya hivyo kwa ukarimu, maana sheria za masoko hayo zinawabana. Kwa hiyo mstaafu wa Vancouver mwenye hisa mia mbili alikuwa na haki kisheria ya kuarifiwa juu ya kuta za Kakula. Fundi wa Kolwezi, ambaye riziki yake yote yatoka ndani ya kuta zilezile, hakuwa na haki hiyo kwa sheria yoyote ya masoko ya Kongo, kwa kuwa haipo. Hata hapa Likasi, mgodi wa Shituru Mining unamilikiwa kwa sehemu kubwa na kampuni ya Pengxin, ambayo hisa zake huuzwa Shanghai. Anayetaka kujua hesabu za mgodi ulio ndani ya mji huu itabidi ajifunze Kichina.

Atakayesema kwamba hayo ni mambo ya wasomi, na akumbuke mwaka 2011. Mwaka ule Gécamines iliuza hisa zake za asilimia 20 katika mgodi wa Mutanda kwa dola milioni 120. Uuzaji ulifanyika bila mnada na bila tangazo. Mwezi wa Mei mwaka uleule Glencore, iliyokuwa na sehemu yake katika Mutanda, ilikuwa ikiingiza hisa zake katika masoko ya London na Hong Kong, na sheria za masoko hayo zikailazimisha kuchapisha waraka wa matarajio wenye makadirio ya wataalamu huru juu ya thamani ya migodi yake. Wachambuzi walipoweka bei ile ya uuzaji na makadirio hayo kando kwa kando, tofauti ikaonekana. Mwaka 2013 jopo la Africa Progress Panel, lililoongozwa na Kofi Annan, likapiga hesabu ya mikataba mitano ya namna hiyo iliyofanywa kati ya 2010 na 2012, likakadiria kwamba Kongo ilipoteza dola bilioni 1.36. Fikiri juu ya jambo hili dogo: hatukuijua bei ya mali yetu mpaka sheria ya Uingereza ilipomlazimisha mbia wa ng'ambo kuwaambia wanahisa wake. Lau Kongo ingekuwa na sheria inayosema kwamba hisa za kampuni ya umma haziuzwi kabla makadirio huru hayajachapishwa, na lau kungekuwa na mtu mwenye uwezo wa kusimamisha uuzaji, hatungehitaji soko wala kengele kuokoa sehemu ya fedha hizo.

Sheria mpya ya migodi, ya tarehe 9 Machi 2018, imelifanya jambo hili kuwa la haraka zaidi kuliko wengi wanavyodhani. Mbali na sehemu ya serikali, inataka angalau asilimia 10 ya mtaji wa kampuni inayoomba kibali cha uchimbaji iwe mikononi mwa raia wa Kongo, watu binafsi. Kwa nia yake ni sheria nzuri, labda nzuri kuliko zote zilizowahi kuandikwa juu ya shaba ya Katanga tangu Union Minière ilipoundwa mwaka 1906 na hisa zake kwenda kununuliwa Brussels. Lakini raia gani? Mwalimu wa Kikula, hapa mjini kwetu, atazinunua wapi, kwa bei ipi, kutoka kwa nani, na akitaka kuziuza mwanawe anapougua atamwuzia nani? Pasipo majibu, asilimia 10 huenda kwa aliye karibu na mlango: mwenye jamaa wizarani, mwenye wakili mzuri, aliyekopeshwa hisa na kampuni yenyewe ili aitwe mshirika. Tukiiacha hivyo, sheria iliyokusudiwa kuwagawia wengi itakuwa imewatengenezea wachache njia halali ya kupokea. Na ubaya wake ni kwamba hatutajua, kwa sababu orodha ya wanahisa wa kampuni isiyo sokoni haina wa kuilazimisha ionyeshwe.

Si kwamba hatuna sheria kabisa. Tangu tarehe 12 Septemba 2012 Kongo imo katika OHADA, muungano wa nchi za Afrika zenye sheria za pamoja za biashara, na sheria ya pamoja ya makampuni ina sura nzima juu ya kampuni inayoomba akiba za umma: lazima itoe waraka wa habari, na waraka huo upate idhini kabla ya kuuza hata hisa moja. Idhini ya nani? Ya mamlaka ya soko, na pale ambapo mamlaka hiyo haipo, ya waziri wa fedha. Kwa nchi ndogo zilizokuwa zikianza huenda ilikuwa njia ya muda. Kwa nchi ambayo wizara yake ya fedha inauza hati za hazina, inatoza kodi kampuni zilezile na kumsikiliza rais yuleyule anayeteua wakuu wa Gécamines, ni kumpa mtu mmoja kofia zote.

Na hili la kofia tumeliona tayari, katika bima. Mwaka 1966, mwaka mji huu ulipoacha jina la Jadotville, serikali ilifanya mambo mawili makubwa ndani ya wiki chache. Tarehe 23 Novemba iliunda Sonas, kampuni ya taifa iliyokuja kukabidhiwa biashara yote ya bima nchini, na mwisho wa Desemba ikachukua mali za Union Minière. Wakati ule hoja zilikuwa na uzito: taifa changa lilitaka fedha za watu wake zikae nyumbani. Lakini serikali ikawa mwenye kampuni, mtunga sheria za kampuni, na pia ndiyo iliyopaswa kuichunguza. Sheria ya tarehe 5 Januari 1973 ikamlazimisha kila mwenye gari kukata bima ya madhara kwa wengine, bila kumpa pa kuchagua. Karatasi ya Sonas ikawa kitu cha kumwonyesha polisi wa barabarani, na kwa watu wengi kazi yake iliishia hapo. Mtu aliyegongwa alijua kwamba kufuata fidia ni safari ndefu ya ofisi na mihuri, akachagua kupatana na dereva pale pale kando ya barabara. Bima iliyolazimishwa na isiyolipa huwa kodi, tena kodi isiyo na bajeti wala mkaguzi.

Ukiritimba huo ulivunjwa na sheria namba 15/005 ya tarehe 17 Machi 2015. Mwaka uliofuata ikaundwa ARCA, mamlaka ya kusimamia bima, na mwaka 2019 kampuni binafsi za kwanza zikapata vibali, Rawsur, Activa na SFA Congo zikiwemo. Nalihesabu hilo miongoni mwa mageuzi ya maana ya miaka kumi na mitano iliyopita, ingawa halikuimbwa mitaani. Kwa mara ya kwanza tangu 1966 anayeuza ahadi na anayechunguza ahadi ni watu wawili. Biashara yenyewe bado ni ndogo: ada zote za bima nchini hazijafika asilimia 1 ya pato la taifa. Lakini udogo huo ndio faida. ARCA ni shule ya usimamizi wa fedha nchini, na taifa ambalo halijafaulu kuisimamia kampuni ya bima lisijidanganye kwamba litaweza kumsimamia dalali wa hisa.

Kwa nini nayaunganisha mambo haya mawili, ambayo wengi huyaweka katika rafu tofauti? Kwa sababu hisa na bima ni bidhaa moja kwa asili yake: mtu anatoa fedha leo, anapewa karatasi yenye ahadi. Anayenunua muhogo huuona na kuugusa. Anayenunua ahadi hajui ubora wake mpaka siku ya kuidai, na siku hiyo amechelewa kubadili duka. Zaidi ya hapo, fedha za bima ndizo chakula cha soko la mitaji popote duniani. Kampuni ya bima hupokea ada kwanza na kulipa fidia baadaye, na kati ya siku hizo mbili sheria huitaka iweke akiba katika mali salama zinazoweza kuuzwa haraka. Mahali pasipo soko, yabaki majengo, amana katika benki na hati za hazina ambazo serikali ilianza tena kuziuza mwaka 2019. Jengo haliuzwi kwa siku tatu mafuriko yanapokuja. Benki nazo tunazijua: mwaka 2016 wateja wa BIAC walijikuta wakipangiwa kiasi cha kutoa katika akiba zao wenyewe, mpaka Benki Kuu ikaishika kampuni. Na kuhusu hati za serikali, Ghana ilionyesha mwishoni mwa 2022, ilipowataka wenye dhamana zake za ndani wazibadilishe kwa nyingine zenye masharti mabaya zaidi, kwamba kampuni za bima zilizojaza kapu moja huumia pamoja na hazina. Kwa hiyo soko la mitaji litahitajika siku moja, na nakiri kwamba hoja yangu ya kungoja ina gharama yake.

Hapo ndipo wenye haraka wananikamata. Wanasema: soko huanza kwanza, msimamizi hukua nalo. Soko la New York linahesabu umri wake tangu 1792, na tume yake ya kulisimamia ilikuja 1934. Soko la Nairobi lilianzishwa mwaka 1954, na mamlaka ya masoko ya mitaji ya Kenya haikuanza kazi mpaka 1990. Ni kweli, ila tuseme pia waliyoyalipia. Marekani ilipata tume yake baada ya anguko la 1929 kufagia akiba za mamilioni ya watu. Kenya, hata ikiwa na mamlaka, iliona madalali wa hisa wakianguka mmoja baada ya mwingine kati ya 2007 na 2009, Francis Thuo kisha Nyaga, na ilikuwa ni miaka ileile ambapo hisa za Safaricom ziliwavuta watu wengi wa kawaida sokoni. Katika bima, Kenya ilizika United Insurance na Blue Shield, kampuni zilizobeba bima za matatu, na waliogongwa wakaachwa na hukumu za mahakama zisizo na wa kuzilipa. Tanzania ilifuata mpangilio mwingine: sheria ya masoko ya mitaji mwaka 1994, mamlaka yake, ndipo soko la Dar es Salaam likaanza kuuza hisa Aprili 1998, kampuni ya kwanza ikiwa moja tu, TOL. Halikukua kwa kasi, na wapo waliolicheka. Lakini mwaka 2017, sheria ilipozitaka kampuni za simu ziuze robo ya hisa zao kwa umma, palikuwa na mahali pa kuziuzia, waraka wa matarajio wa kusoma, na mamlaka ya kuuidhinisha. Vodacom ilikusanya shilingi bilioni 476, ingawa ilibidi muda wa kuuza uongezwe. Sheria yetu ya asilimia 10 haina hata kimoja kati ya hivyo.

Jirani zetu wa Afrika ya Kati nao wana la kutufundisha, na si la kuiga. Katika eneo la faranga moja, Cameroon ilifungua soko lake Douala na Gabon ikapata la eneo Libreville, kila moja na jengo lake, na kampuni za kuuza hisa zikahesabika kwa vidole. Mwaka 2019 ilibidi yaunganishwe. Hicho ndicho ninachokihofia kwa Kinshasa: fahari ya kuwa na soko.

Pingamizi la pili hutoka mitaani, nami nalipa uzito zaidi kuliko la kwanza. Mtu wa Likasi, wanasema, hana hisa, hana bima ya maisha, ana likelemba, mchezo wa kuchangiana fedha kwa zamu, na wenzake, na deni kwa banque Lambert, yaani mkopeshaji wa mtaani. Mambo ya dhamana yanamhusu nini? Yanamhusu kwa sababu amekwisha kuumizwa nayo bila kuyaita hivyo. Mwaka 1990 na 1991 maelfu ya watu nchini, Kinshasa hasa, walitia akiba zao kwa Bindo na wenzake walioahidi kurudisha fedha mara nyingi zaidi ndani ya wiki. Ilikuwa ni uuzaji wa dhamana kwa umma, usio na waraka, hesabu wala kibali, na ulipoanguka hakuna ofisi iliyokuwa na jukumu la kumkamata mtu mapema. Katika mji huu na miji mingine ya Gécamines, zaidi ya wafanyakazi 10,000 waliondoka mwaka 2003 na 2004 kwa mpango ulioitwa wa hiari, baada ya miezi mingi bila mishahara, na malipo waliyopewa yakawa ndiyo uzee wao wote. Fedha za mkupuo mikononi mwa watu wengi, pasipo bima ya kuaminika wala dhamana salama ya kuziweka, ni mwaliko kwa kila mwenye ulimi mtamu. Kadiri fedha za simu zinavyorahisisha kutuma akiba kwa mtu usiyemjua, Bindo wa kesho hahitaji hata kukodi ofisi.

Tena iko barabara. Malori ya shaba, chokaa na asidi hupita Likasi usiku na mchana kuelekea Kolwezi na kurudi. Februari 2019, lori lililobeba asidi ya salfuriki ya mgodi wa Mutanda liligongana na basi huko Lualaba, na watu wasiopungua 18 wakafa. Kwa mwenye duka au pikipiki ya teksi kando ya barabara hiyo, swali la usimamizi wa bima ni hili: lori likinipindukia, kampuni iliyoandikwa kwenye kibandiko cha kioo ina fedha, na italipa baada ya muda gani? Ripoti za masoko ya bima hupenda kuonyesha jinsi ada zinavyokua. Ada zinazokua ni fedha zinazotoka mifukoni mwa watu. Kipimo cha msimamizi ni madai: yaliyoletwa, yaliyolipwa, yaliyokataliwa na kwa sababu gani, na siku zilizopita kati ya ajali na malipo, kampuni kwa kampuni, mkoa kwa mkoa.

Wengine hudai kwamba kazi ya kuzichunguza kampuni za migodi inafanywa tayari na Toronto, London na Hong Kong, kwa gharama zao, kwa hiyo tusijisumbue. Lakini jicho la kuazima hufumba anapotaka mwenyewe. ENRC, iliyokuwa na migodi Katanga, iliondoka soko la London mwaka 2013. Katanga Mining yenyewe iliondolewa Toronto mwaka 2020, Glencore ilipochukua hisa zote zilizobaki. Siku kampuni inapotoka sokoni, ripoti zake za kila robo mwaka hukoma, na sisi wenye ardhi hatuulizwi.

Limebaki pingamizi ambalo siwezi kulifuta kwa mfano wa jirani. Kongo haina upungufu wa ofisi za kudhibiti. Ina wingi wake. Kila mwenye kiwanda kidogo Likasi anajua idadi ya watumishi wanaokuja na barua, mihuri na mkono ulionyooshwa. Nani ataamini kwamba mamlaka mpya ya masoko ya mitaji haitakuwa mlango mmoja zaidi wa kulipia? Sina dawa kamili, lakini najua ofisi ya namna hii hupotokea wapi: katika maamuzi ya faragha. Kwa hiyo sheria ya kuiunda ianze na mambo ambayo hayamwachii mtumishi nafasi ya kupatana. Ada zake ziwe zimechapishwa, zilipwe benki tu. Kila faini na kila kibali kilichotolewa au kufutwa kitangazwe pamoja na sababu zake, kama Ontario ilivyofanya, ambayo shauri lake la Katanga Mining mtu yeyote anaweza kulisoma. Wakuu wake wawe na muhula usiofuata uchaguzi wala hasira za waziri. Na isiwekwe Kinshasa peke yake: asilimia kubwa ya shaba na kobalti ya nchi hutoka Katanga ya zamani, na dawati la malalamiko la bima na hisa lisilokuwepo Lubumbashi, Likasi au Kolwezi litawasikiliza waliokwisha kusikika.

Hata hayo yote yakichelewa bungeni, kuna la kufanya bila sheria mpya wala jengo. ARCA inaweza kudai na kuchapisha jedwali la madai ya bima ya magari katika mikoa ya Haut-Katanga na Lualaba, tuanze na mwaka mmoja. Wizara ya migodi inaweza kuchapisha majina ya raia waliopewa asilimia 10 katika kila kampuni iliyopata kibali tangu 2018, pamoja na bei waliyolipa na aliyewakopesha kama walikopeshwa. Kampuni zinazozijua nambari hizo hazihitaji wiki mbili kuziandika, na kurasa mbili za gazeti zingetosha kuzichukua.